Mwanafunzi wa Uuguzi Akifika Wodini, Ni wa Nani?

Saa moja na nusu asubuhi, wauguzi wa usiku wanakabidhi zamu. Wodi ina vitanda 30 na vyote vina watu. Kando ya meza ya dawa wamesimama wanafunzi wa vyuo vitatu, sare rangi tatu, kila mmoja na logibuku mfukoni, kile kitabu cha kusainiwa kazi alizofanya. Inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, anawahesabu kwa macho: 28. Jana walikuwa 19. Hakuna barua iliyomwambia leo watakuja wangapi, wako mwaka wa ngapi, wala wamekuja kujifunza nini. Asubuhi hiyo ana wauguzi wanne, yeye mwenyewe akiwa mmojawapo.

Ukiuliza, utaambiwa ushirikiano upo. Hati ya makubaliano ina mihuri, ina saini ya mkuu wa chuo na ya mkurugenzi wa hospitali, na imetunzwa vizuri kwenye faili ofisini. Inchaji hajawahi kuiona. Kwa maoni yangu huo ndio ugonjwa wenyewe wa mafunzo kwa vitendo ya uuguzi hapa Tanzania: makubaliano yanaandikwa juu, mwanafunzi anafundishwa chini, na hapo katikati hakuna aliyekabidhiwa mwanafunzi kwa jina.

Muhimbili ni mfano mzuri wa kwa nini ujirani peke yake hautoshi. Mwaka 1976 kitivo cha tiba na hospitali viliunganishwa vikawa chombo kimoja, Muhimbili Medical Centre. Mwaka 2000 vikatenganishwa tena: hospitali ya taifa upande mmoja, chuo upande wa pili, na chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS, mwaka 2007. Uzio ni mmoja, lakini bajeti ni mbili, waajiri wawili, na mabosi wawili. Moshi kuna hospitali ya KCMC na chuo chake, Mwanza kuna Hospitali ya Bugando na chuo kikuu cha CUHAS, Dodoma kuna chuo kikuu cha UDOM na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Popote penye jozi ya namna hiyo swali ni lile lile: mhadhiri analipwa na huyu, muuguzi wa wodi analipwa na yule, je, kumfundisha mwanafunzi ni sehemu ya kazi ya nani? Kisha fikiria chuo cha kati kisicho na hospitali yake, kinachoomba nafasi kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa pamoja na vyuo vingine vitano.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo uongo unapozaliwa

Rudi kwenye wodi yetu ya vitanda 30. Inchaji tumtoe, kwa sababu ana raundi ya madaktari, ana stoo, ana ndugu wa wagonjwa mlangoni. Wanabaki wauguzi watatu, kila mmoja na wagonjwa kumi. Muuguzi mwenye wagonjwa kumi anaweza kumwelekeza mwanafunzi mmoja vizuri sana, na wawili kwa kujibana. Wa tatu ataishia kuona mgongo wa mwenzake. Kwa hiyo zamu ya asubuhi ya wodi hii inabeba wanafunzi 6. Wale 22 waliozidi watatumwa maabara, watatandika vitanda, watakaa dirishani na simu. Wakiitwa wavivu wanaonewa, maana hakuna kazi waliyopangiwa.

Sasa fanya hesabu ya pili, ambayo vyuo vingi huiruka. Tuseme wodi hiyo huweka mpira wa mkojo mara 8 kwa wiki. Kwa wiki nne ni mara 32. Logibuku inamtaka kila mwanafunzi aweke mara 5. Gawanya 32 kwa 5, unapata wanafunzi 6 na chenji kidogo, karibu sawa na hesabu ya kwanza. Lakini wanafunzi 28 wanahitaji mara 140. Hizo 108 zinazopelea zitatoka wapi? Zitaandikwa tu. Mwanafunzi atamfuata muuguzi Ijumaa ya mwisho na kurasa nne tupu, muuguzi atamwonea huruma, atasaini. Tunapolalamika kwamba vijana wanadanganya kwenye logibuku, tukumbuke kwamba kwa hesabu hii wasingeweza kuijaza bila kudanganya. Chuo ndicho kilichowaweka hapo.

Dawa yake inaanza kwa kuhesabu kabla ya kupeleka. Kila wodi iandike mambo mawili kwenye karatasi moja: wauguzi wangapi kwa kila zamu, na kazi zipi hufanyika mara ngapi kwa wiki. Rejista za wodi zinatosha kwa hesabu hiyo, na mtu mmoja anaimaliza kwa siku mbili. Idadi ya wanafunzi itokane na karatasi hiyo, isitokane na idadi ya waliodahiliwa. Mratibu wa chuo akiona nafasi hazitoshi, ajue miezi miwili kabla, wala asije kugundua siku ya kwanza ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini.

Nafasi nyingine zimelala bure kwenye zamu za mchana na usiku. Wauguzi wawili wa zamu ya mchana wakichukua wanafunzi wanne, na wa usiku wakichukua wawili, wodi ile ile inabeba 12 kwa siku badala ya 6, bila kuongeza kitanda hata kimoja. Na kuna mambo hayaonekani asubuhi: mgonjwa anayebadilika saa tisa usiku, oksijeni inayoisha, wodi yenye muuguzi mmoja aliyesimama na mwenziwe aliyekwenda kuchukua damu. Lakini msipange zamu hizo kabla hamjajibu swali la usafiri. Binti anayetoka wodini saa mbili usiku na kupanda daladala mbili hadi hosteli yuko hatarini, na chuo ndicho kilichompeleka huko. Gari la chuo, au bweni ndani ya uzio wa hospitali kwa wiki za usiku: kimojawapo kiwe kimeandikwa kwenye makubaliano, na bajeti yake iwe imeandikwa pia.

Kalenda moja, ukuta mmoja

Hospitali inayopokea vyuo vingi inahitaji kalenda moja tu, na mwenye kalenda awe hospitali. Mstari mmoja kwa kila wodi, safu moja kwa kila wiki ya mwaka, na ndani ya kila kisanduku jina la chuo, mwaka wa masomo na idadi. Kikao cha kuipanga kikae mara mbili kwa mwaka, wiki nane kabla ya muhula. Wawepo mkuu wa huduma za uuguzi, mratibu wa mafunzo wa hospitali, mratibu wa kila chuo, na mainchaji wa wodi zenye msongamano, hasa leba, watoto na upasuaji. Mainchaji wasiposhirikishwa, kalenda itavunjika wiki ya pili, kwa sababu wao ndio wanaojua kwamba mwezi fulani nusu ya wauguzi wako likizo au wodi inapakwa rangi.

Mtego mmoja ni mitihani. Vyuo vingi hufunga kwa wakati mmoja na hutaka fildi kwa wakati mmoja, kisha kwa wiki kumi wodi ziko tupu. Sogezeni. Chuo kimoja kianze vitendo mapema, kingine kichelewe mwezi. Ni jambo gumu kwa ofisi ya taaluma, nalijua hilo, lakini ndilo linalopunguza msongamano kuliko jengo jipya.

Muuguzi mlezi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Flinders kule Adelaide, Australia, kilianzisha mpango ambao baadaye, mwaka 2003, Chuo Kikuu cha Portland cha Marekani kiliuchukua na kuuendeleza. Wodi moja inatengwa kwa ajili ya chuo kimoja. Wauguzi wa wodi ndio walimu, na mhadhiri anakuja kumsaidia muuguzi kufundisha, hamfukuzi kando ili afundishe yeye. Wanafunzi wanabaki hapo muda mrefu kiasi cha kujulikana majina.

Kuuhamisha mpango huo mzima kuja Dar es Salaam hakuwezekani. Ukiipa leba chuo kimoja mwaka mzima, vyuo vingine vitakwenda wapi? Lakini kiini chake kinahamishika: kwa kila kipindi, wodi iwe na chuo kimoja kinachoiongoza, na ndani ya wodi kila mwanafunzi awe na muuguzi mlezi mwenye jina. Jina hilo libandikwe ukutani karibu na ratiba ya zamu. Mwanafunzi afuate ratiba ya mlezi wake: mlezi akiwa usiku, naye yuko usiku, mlezi akiwa mapumziko, naye anapumzika au anakabidhiwa kwa mlezi wa akiba ambaye naye ametajwa.

Mlezi asichaguliwe kwa sababu ni mpole au kwa sababu hana pa kwenda. Awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, awe amekaa wodi hiyo angalau mwaka mzima, na apate mafunzo mafupi ya kufundisha. Siku tatu zinatosha kuanzia: namna ya kuonyesha kazi hatua kwa hatua, namna ya kumwacha mwanafunzi afanye bila kumnyang'anya kifaa, namna ya kumwambia amekosea bila kumfedhehesha mbele ya mgonjwa, na namna ya kujaza fomu ya tathmini. Hiyo ya kutomnyang'anya kifaa ndiyo ngumu kuliko zote. Mkono wa muuguzi mzoefu unakwenda wenyewe.

Kisha apunguziwe mzigo. Sisemi apewe siku ya kukaa. Nasema akiwa na wanafunzi wawili, apangiwe wagonjwa wanane badala ya kumi, na inchaji aandike hivyo. Mlezi asiyepunguziwa kazi atafanya moja kati ya mambo mawili: atamtuma mwanafunzi afanye kazi zake bila kumwangalia, au atamwambia akae pembeni. Yote mawili tunayaona, na chanzo chake si roho mbaya.

Uingereza wamefanya jambo lingine ambalo ningependa tulichukue jinsi lilivyo. Tangu viwango vya mwaka 2018 vya baraza lao la uuguzi, anayemwelekeza mwanafunzi kila siku si yule anayempitisha au kumfelisha. Msimamizi ni mmoja, mtathmini ni mwingine, na chuo nacho kina mtathmini wake. Sababu yake inaeleweka hata Tandahimba: mtu uliyekunywa naye chai wiki nne ni vigumu kumwandikia kwamba hafai. Kwa kwetu, mlezi aandike anachokiona kila wiki, na mtathmini awe muuguzi mwingine wa wodi jirani akishirikiana na mkufunzi wa chuo.

Siku ya kwanza na mwisho wa wiki ya pili

Siku ya kwanza mwanafunzi asiguse mgonjwa hadi ameonyeshwa, kwa saa mbili, vitu hivi: toroli ya dharura iko wapi na inafunguliwaje, mtungi wa oksijeni na namna ya kusoma geji yake, sefti boksi ya kutupia sindano zilizotumika, maji ya kunawa, rejista ya dawa za kulevya na nani ana ufunguo, namba ya simu ya kuita msaada. Asubuhi hiyo hiyo ampe mlezi kadi ndogo yenye malengo matatu ya wiki, si ishirini. Mlezi aliyebanwa na kazi atakumbuka matatu.

Wapangieni wagonjwa, msiwapangie kazi. Ukimfanya mmoja "wa kupima presha", mwingine "wa joto" na mwingine "wa kutandika", baada ya mwezi mmoja una mtu anayejua kupima presha za watu 600 na hajui hata mmoja wao alikuwa anaumwa nini. Mwanafunzi wa mwaka wa pili apewe wagonjwa wawili tangu kukabidhiana zamu hadi kukabidhiana tena: awaogeshe, ajue dawa zao na kwa nini wanapewa, apime, aandike, na mchana awaeleze wauguzi wanaoingia huku mlezi akisikiliza. Presha ya 90 kwa 50 itamshtua, kwa sababu asubuhi ilikuwa 120 kwa 80 na mgonjwa ni wake.

Logibuku isainiwe ndani ya zamu ile ile. Kila kazi iwe na ngazi tatu: ameona, amefanya akisaidiwa, amefanya vizuri mlezi akitazama tu. Tarehe, zamu, saini. Jina la mgonjwa lisiandikwe kamwe, na picha za wodini zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi hata kama uso hauonekani.

Mwisho wa wiki ya pili, wakae mlezi, mwanafunzi na mkufunzi wa chuo kwa dakika 20. Kama kijana anayumba, aambiwe siku hiyo, kwa maandishi, na aelezwe nini kibadilike katika wiki mbili zilizobaki. Kumwambia siku ya mwisho kwamba amefeli ni kumwonea, na mara nyingi rufaa yake itashinda. Hapa ndipo mkufunzi wa chuo anapohitajika kuliko popote, na hapa ndipo asipoonekana, kwa sababu posho ya usafiri haikutoka. Safari mbili kwa wiki kwa kila hospitali ziwe kwenye bajeti ya chuo kama mshahara ulivyo.

Leba

Leba inahitaji kanuni zake, kwa sababu kule mwanafunzi anajifunza juu ya mwili wa mama aliye kwenye maumivu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri mama aliye kwenye uchungu hasa achunguzwe njia ya uzazi kila baada ya saa 4. Mama wa saa 8 basi huchunguzwa mara mbili au tatu. Hakuna nafasi ya wanafunzi watano kupokezana vidole, hata wakiwa na glovu mpya kila mmoja: inaongeza hatari ya maambukizi, inaumiza, na inamvunjia mama heshima yake. Mama mmoja, mwanafunzi mmoja, mkunga mmoja, na ridhaa yake iombwe kwa jina lake kabla, siyo wakati wa uchungu kupanda. Mwanafunzi abaki naye tangu kupokelewa hadi mtoto ananyonya. Atazalisha wachache, lakini atakuwa amejifunza kumsindikiza mtu.

Leba pia ndiko darasa na wodi hugombana wazi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu mpya ya kufuatilia uchungu, ambayo inaanza mlango wa uzazi ukiwa umefunguka sentimita 5. Fomu ya zamani, patografu, ilianzia sentimita 4, ikiwa na mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua. Chuo kikifundisha mpya na wodi bado ikitumia ya zamani, mwanafunzi atamwambia mkunga wa miaka ishirini kwamba amekosea, mbele ya mama. Kanuni iwe hii: mgonjwa wa saa hii anahudumiwa kwa fomu na utaratibu wa wodi, tofauti inaandikwa, inapelekwa kwenye kikao cha mwezi cha wakufunzi na wauguzi, na huko inaamuliwa. Mara nyingine chuo kitakuwa sahihi. Mara nyingine chuo ndicho kimebaki nyuma, na mkufunzi ambaye hajashika mgonjwa kwa miaka kumi anahitaji naye arudi wodini siku kadhaa kwa muhula, avae sare, afanye kazi.

Sindano ikimchoma mwanafunzi saa nane usiku

Kinga ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza. Kwa hiyo anayechanjwa wiki ya kuripoti fildi anakwenda kushika damu akiwa nusu njia. Chanjo ianze wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, na hospitali idai kadi kabla ya kumpokea.

Ajali ikitokea, mahali palipochomwa paoshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Pasiminywe, pasitiwe jiki. Kisha aripoti mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinafaa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora, halafu zimezwe siku 28. Wanafunzi wengi huficha. Wanaogopa kufokewa, wanaogopa kuonekana wazembe, na hawajui nani atalipia vipimo. Makubaliano yajibu kwa sentensi tatu: anampigia nani usiku, dawa ziko wapi saa hizo, na gharama ni ya nani. Sentensi hizo zichapwe kwenye ukurasa wa kwanza wa logibuku, pamoja na namba ya simu ya ofisi, siyo ya mtu anayeweza kuhama.

Fedha na glovu

Vyuo hulipa hospitali ada ya mafunzo. Fedha inaingia akaunti kuu, na wodi inabaki na wanafunzi. Inchaji anaona jambo moja tu: glovu zimeisha Jumatano. Hesabu yake si ngumu. Mwanafunzi akitumia jozi 6 kwa zamu, wanafunzi 6, siku 5, wiki 4, ni jozi 720. Boksi la glovu 100 ni jozi 50, kwa hiyo ni maboksi 15 kwa wodi moja kwa kipindi kimoja. Chuo kiyalete siku ya kwanza, yakabidhiwe kwa inchaji kwa saini. Sehemu ya ada irudi wodini kama vifaa: mashine ya presha yenye mikanda ya saizi mbili, vipima joto, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Kwa walezi, vyeti vinavyohesabiwa kwenye pointi za kujiendeleza kitaaluma, na kuingia maktaba ya chuo bila malipo, vina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kipindi kikiisha, wanafunzi wajaze fomu ya ukurasa mmoja bila jina: mlezi wako alikuwepo zamu ngapi, ulikabidhiwa wagonjwa wangapi, ni kazi gani hukuipata kabisa. Nakala iende chuoni na nyingine kwa inchaji mwenyewe. Aisome kabla ya kikao kinachofuata cha kalenda, na akisema wodi yake safari hii inabeba wanne, waandikwe wanne.